Mwaka Niliowakamata Binkubala

Mlipokuja kunitembelea hapa Dilala Jumapili iliyopita, kabla sijasikia salamu zenu niliona miguu yenu. Ninyi sita, walinzi mlioajiriwa juzi, mlichechemea kutoka kwenye pikipiki hadi barazani kwangu, kila mmoja akitabasamu kwa uchungu. Buti mpya hizo. Nani aliwaambia buti mpya huvaliwa kavu? Huloweshwa kwanza, ukazivaa zikiwa na maji, ukatembea nazo mpaka zikaukie mguuni. Mke wangu aliwaletea beseni la maji ya vuguvugu yenye chumvi, nanyi mkaingiza miguu mkisema ni kwa sababu hamtaki kumkatalia mama. Tuliwaamini.

Kisha mmoja wenu, yule mwenye simu inayoonyesha njia, akaniuliza, "Tata Kazadi, mu ile miaka yako yote mu parki, ni adui gani alikushindaka?"

Niliona mnavyosogeza viti. Mlikuwa mnangoja tembo, au majangili wenye bunduki. Nikawaambia nitafikiri kwanza. Basi nimefikiri, na kwa kuwa jibu ni refu kuliko chai ya Jumapili, nimeliandika. Adui aliyenishinda ni binkubala, wale viwavi wa kuliwa ambao mama zenu huwapika kwa nyanya na kitunguu. Walinishinda mimi na posti nzima ya walinzi, na vita hivyo nilivianzisha mwenyewe.

Lazima mjue nilikuwa nani wakati huo. Babu yangu aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya mgodi. Baba yangu alifanya kazi ya mgodi. Mimi nilizaliwa katika nyumba za kampuni hapahapa Dilala, mjini Kolwezi, na pori nililolijua ni majani yaliyoota nyuma ya shule. Nilipomwambia mama kwamba nimepata kazi ya ulinzi wa parki, aliweka mwiko chini. "Babu yako alikuya huku juu ya kutoka mu pori," alisema, "na weye unarudia mu pori na certificat mu mukono?" Kwa muda wa juma zima alinipikia vizuri kama mtu anayesafiri kwenda kufa.

Nikafika huko juu kwenye uwanda, nikiwa na buti kavu kama zenu, nikakabidhiwa kwa mzee mmoja, Tata Chola. Huyu alikuwa mwindaji zamani, kabla ya kuwa mlinzi, na alitembea kwa makubazi ya tairi ambayo hayakutoa sauti hata kidogo. Siku ya kwanza aliniuliza mti uliokuwa mbele yetu unaitwaje. Nikasema ni mti. Akaniuliza na ule mwingine. Nikasema huo nao ni mti. Akatikisa kichwa, akaniita Mutoto wa Dilala, na jina hilo likanifuata hadi mvi.

Lakini sheria nilizijua. Nilikuwa nimezisoma zote, na nilizisoma kwa sauti usiku watu wakitaka kulala. Hakuna kuingia, hakuna kukata, hakuna kuwasha moto, hakuna kuchukua kitu chochote. Kijana akijua sheria na asijue mti, vijana wangu, mwogopeni.

Basi Novemba ya mwaka wangu wa kwanza, mvua zikiwa zimeshaanza, Tata Chola alikwenda likizo. Nikaongoza doria mwenyewe. Kwenye mteremko wenye miti ya mutondo, ndani kabisa ya mpaka wetu, tukawakuta wanawake saba wenye mabeseni na magunia. Sita walikimbia. Wa saba, mama mfupi mwenye kitambaa cha kijani kichwani, alibaki amesimama kama mwenye nyumba anayepokea wageni.

"Jambo, tata ya parki," alisema. "Balikuzala wapi?"

Nikasema Dilala.

"Ah. Ku manyumba ya kampuni." Alisema hivyo tu, kisha akaangalia mabeseni yote saba yaliyojaa viwavi wanene wakitambaa. "Kama unabeba, beba. Lakini ukamue matumbo yabo leo, na uchemushe leo. Kama haukukamua leo, kesho utanikumbuka."

Nami nilimjibu kwa Kifaransa, ili ajue ameshikwa na serikali. Nilimwambia kwamba ushahidi hauguswi. Nikaandika jina lake, Mama Numbi, nikamwachia aende kijijini angoje kuitwa, na tukabeba mabeseni saba hadi posti. Sikukamua hata mmoja. Kumkamua kiwavi niliona ni kuharibu ushahidi. Nikayapanga mabeseni katika ofisi ya shefu, mkuu wa posti, nikayafunika kwa magazeti, nikalala usingizi wa mtu aliyetumikia taifa.

Asubuhi niliamshwa na sauti ya shefu. Alikuwa mtu mnene, mpole, anayependa vitu vyake vikae mahali pake. Nilimkuta mlangoni akiwa ameshika kofia yake kwa vidole viwili. Ndani ya kofia kulikuwa na binkubala. Kwenye chandarua chake kulikuwa na binkubala. Walipanda ukutani, walipanda waya wa redio, walijikunja kati ya kurasa za daftari la doria, na mmoja alikuwa amefika kwenye kikombe cha chai na kukaa humo.

"Kazadi," shefu akasema polepole, "hii ni mini?"

"Ni ushahidi, shefu."

Tuliokota ushahidi hadi saa sita. Wale waliobaki kwenye mabeseni walikufa siku ya pili, na siku ya tatu harufu ilitutoa wote nje. Tulifanyia kazi chini ya turubai kwa juma zima. Kesi yenyewe ilikufa pia, kwa sababu shefu hakutaka tena kusikia neno ushahidi.

Tata Chola aliporudi likizo na kuhadithiwa, alicheka mpaka akakaa juu ya pipa la mafuta. Kisha akauliza mabeseni yalikuwa ya nani. Nilipotaja jina, kicheko kikaisha.

"Ulimutoa Mama Numbi mu miti yake?"

"Miti ya parki," nikasema.

"Parki ilimukuta pale," akajibu, na akaenda kuosha makubazi yake.

Ningemwuliza siku ileile, ningejua. Kuuliza si ujinga, wahenga walisema, lakini mimi nilikuwa na certificat. Yale ninayowaeleza sasa nilikuja kuyajua baada ya hasara.

Pale kwenye mteremko ule, watu hawakujichukulia tu. Kulikuwa na ukoo wa kutunza miti ya binkubala, na kwa wakati ule mtunzaji alikuwa Mama Numbi. Mvua zikianza, alifunga fundo la majani marefu na kulivusha njia, kutoka kichaka hiki hadi kile. Hilo lilikuwa lango. Hakuna aliyelipita, hata chifu. Yeye peke yake alikwenda kuangalia kama viwavi wamekomaa, na siku walipokuwa tayari alifungua fundo, na kijiji kizima kikaingia kwa siku chache tu, kisha fundo likarudi. Waliobaki juu ya miti waliachwa washuke ardhini, wajifukie, wawe mbegu ya mwaka ujao.

Na jambo la pili ndilo hasa lililonimaliza. Kila Mei, majani yakiwa bado hayajakauka kabisa, yeye na wanawake wenzake waliwasha moto mdogo kuzunguka ile miti, kipande kwa kipande, moto unaotembea kama mzee na kuzimika wenyewe. Hivyo ule moto mkubwa wa Septemba, moto wa hasira unaokuja na upepo, ulipofika hapo ulikuta hakuna cha kula.

Baada ya mimi kuwakamata, watu walitii. Kumbukeni hilo, kwa sababu ninyi mnadhani kushindwa ni pale watu wanapokataa sheria. Walitii kabisa. Novemba ileile hawakurudi, na Mei hakuna mwanamke aliyekanyaga mteremko ule. Niliandika kwenye ripoti: hali ni shwari. Niliandika kwa wino mwekundu na kupiga mstari.

Septemba moto ukaja. Tulipigana nao kwa matawi mabichi siku mbili, tukiwa na nyuso nyeusi, na swala walipita katikati yetu bila hata kutuogopa. Ulichukua jiko la posti na choo cha shefu. Ulichukua mteremko wote wa mutondo, miche michanga yote, na majani mapya yaliyokuwa yanaanza kuchipua juu ya miti mikubwa. Nilisimama kwenye majivu na buti zangu zikawa zimeanza kuyeyuka chini, na hapo nikaona aibu ambayo sijaipata tena maishani.

Hapa niwafundishe kitu ambacho simu haina. Ukitaka kujua kama mti una binkubala, usiangalie juu, utaumia shingo bure. Angalia chini, utaona kinyesi chao, punje nyeusi ndogo kama shanga. Au simama tu, siku isiyo na mvua, unyamaze. Ukisikia mvua nyembamba ikidondoka juu ya majani makavu na mbingu ni nyeupe, ndio wao, wanakula na kuangusha. Novemba ile baada ya moto Tata Chola alinipeleka chini ya miti ile, akaniambia ninyamaze. Tulitega masikio. Hapakudondoka kitu.

"Sasa unaenda kwa Mama Numbi," akasema. "Na haubebe certificat. Beba chumvi."

Chumvi, kwa sababu binkubala huchemshwa kwa chumvi, na kumletea mtu chumvi wakati umemnyima cha kuchemsha ni kukiri bila kujitetea. Nilikwenda na pakiti mbili. Aliniacha nikae chini uani tangu asubuhi hadi kuku waliponizoea. Aliponijia hakukaa.

"Ulibeba binkubala yangu, mi sikulia," alisema. "Ungekula, hata mi ningecheka. Lakini uliiacha ikaoza. Chakula ya batu uliiacha ikaoza juu ya karatasi."

Nikasema nimekosa.

"Na moto ulikula yenye ilibakia. Sasa banaume ya hapa, muti yenye iko na binkubala hakuna mwenye anaikata. Muti ya bure, banaona makala ya kupikia tu. Sikia." Nikasikia. Kwa mbali, upande wa nje ya mpaka, mashoka. "Na Feza alienda."

Feza alikuwa binti yake, mmoja wa wale sita waliokimbia, na ndiye aliyekuwa akifundishwa kufunga na kufungua fundo baada ya mama yake. Alikuwa amekuja huku Kolwezi kuosha mawe ya kobalti mtoni, akisimama majini kutwa nzima na mtoto wake ukingoni.

"Uniambie weye mutoto wa Dilala," Mama Numbi akasema. "Nitamurudisha Feza na mini?"

Mambo ya kuosha mawe nilikuwa nayaona tangu utotoni, na nilijua mtu akishaingia mtoni hatoki kwa kuitwa jina. Nikamwambia nitajaribu kumrudishia mteremko wake. Alizichukua pakiti za chumvi, na hakunikaribisha ndani.

Kumshawishi shefu kulikuwa kazi kubwa kuliko kuzima moto. Mlinzi wa parki awashe moto ndani ya parki? Alinitazama kama vile binkubala wamenipanda kichwani. Nilimletea hoja, akazikataa. Nilimletea Tata Chola, akamkatalia kwa heshima. Mwishowe Mama Numbi alikuja mwenyewe, bila kuitwa, amebeba sufuria. Alikuwa na akiba ya mwisho ya binkubala wakavu waliovunwa kabla ya kosa langu, na aliwapika pale pale chini ya turubai, kwa nyanya, na bukari, ugali wetu, pembeni. Shefu alikula. Alipangusa sahani kwa tonge la mwisho.

"Hii imetoka wapi?" akauliza.

"Mu parki yako, tata shefu," Mama Numbi akasema. "Ulikuwa hauyue kama inazalaka?"

Shefu alichungulia sufuria. Kisha akaniambia: mteremko mmoja, msimu mmoja, na kama ukiungua, Kazadi, mimi na weye hatuyuane.

Mei hiyo nilijifunza kuwasha moto. Unavunja jani mkononi. Likipinda tu, ni mapema. Likivunjika kwa mlio, umechelewa, rudi nyumbani. Likivunjika nusu na nusu likapinda, ngoja jua lielekee kushuka na upepo utulie, halafu washa. Nilitembea nyuma ya wanawake nikiwa na tawi, katika sare kamili, na nikajiunguza suruali nyuma mpaka kila mmoja akajua rangi ya ndani. Mama Numbi ndipo alipocheka mara ya kwanza mbele yangu. "Sasa uko mulinzi," alisema.

Septemba moto wa hasira ulikuja tena. Ulifika ukingoni mwa mteremko, ukalamba, ukapita. Sitawaficha, nililia, na Tata Chola akajifanya ana moshi machoni.

Binkubala hawakurudi mwaka huo. Mama Numbi alifunga fundo lake hata hivyo, akalinda miti mitupu, na sisi walinzi tukapewa amri ya kutolipita. Kulikuwa na vijana wa rika lenu waliocheka: mtu mzima na bunduki anazuiwa na majani. Waliacha kucheka mwaka uliofuata, pale mvua nyembamba ilipoanza kudondoka chini ya mutondo. Siku ya kufungua, kijiji kizima kilingoja njiani na mabeseni, na walinzi wawili tu walitosha, kwa sababu hakuna aliyetaka mwenzake avuke kabla. Wachoma makala walipotokea upande wa pili, sisi hatukuwaona. Wanawake ndio waliowaona, wakaja kutuita kwa mbio.

Na Feza alirudi. Hakurudi kwa sababu niliongea naye. Nilikuwa nimeongea naye mara mbili mtoni na akanirushia maji. Alirudi aliposikia mama yake amefungua fundo peke yake na mgongo umemwuma. Nilifurahi hadi nikaona haya, maana nusu ya furaha ile ilikuwa ya kujisamehe.

Msidhani nawapa hadithi ya kila kitu kuisha vizuri. Vijiji vingine bado tunagombana navyo, na pengine wana haki. Barabara za malori ya madini zimekaribia, na miti inayokwenda kuwa makala ni mingi kuliko inayobaki. Na ninyi mnaosema wachoma makala ni watu wabaya, ile mbabula, jiko la nyumbani kwenu, ilipikia bukari ya leo kwa kitu gani? Kwa maombi? Msiende kijijini na mdomo mrefu. Salimuni kwanza, ulizeni jina la mti, na mkiambiwa mkamue leo, kamueni leo.

Sasa nimalizie, kwa sababu mke wangu anasoma begani na anasema nimejisifu mno.

Novemba iliyopita nilipata hamu. Mama Numbi hayupo tena, tulimzika misimu mitatu iliyopita, na nilitaka kuona mteremko. Sawa, nilitaka binkubala pia. Nilifunga safari na begi tupu na pakiti moja ya chumvi. Mmoja wa walinzi wapya alinisindikiza. Tulipofika kwenye njia, fundo la majani lilikuwa limevushwa, bichi, limefungwa vizuri. Na nyuma yake nilisikia: ile mvua nyembamba. Mbingu nyeupe, na miti imejaa.

Yule kijana akaniambia, "Pita tu, Tata. Weye uko wa kwetu. Nani atasema?"

Nilikaa juu ya jiwe. Feza akatokea kutoka ndani, mvi zimeanza, kitambaa cha kijani kichwani. Alinipa mkono, akaniuliza habari za mgongo na za mke wangu. Aliona begi. Aliona chumvi. Akaangalia miti, akanitazama tena, na nikaona anavyojizuia kucheka.

"Bado siku tatu, Tata Kazadi."

Nilikuwa na nafasi ya pikipiki ya siku ileile tu. Nikamwachia Feza pakiti ya chumvi, nikarudi.

Hapa Dilala mke wangu alilifungua begi, akaligeuza, akalitikisa. "Binkubala iko wapi?"

Nikamwambia nimekamatwa mpakani.

"Na nani?"

"Na mwenye miti," nikasema, na nikakaa chini kuvua buti.